Fundi Aliyefika Upesi

Ipo nchi moja iitwayo Jamhuri ya Ngojea. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ofisi ya ramani ya huko bado inangoja kufunguliwa rasmi, na mpaka siku hiyo nchi yenyewe inaishi bila mipaka na bila wasiwasi. Wananchi wake ni watu wapole. Wanangoja maji, wanangoja barabara, wanangoja majibu ya barua zilizoandikwa na babu zao. Serikali yao ni sikivu mno, inasikia kila kitu. Ila kusikia na kujibu ni wizara mbili tofauti, na hiyo ya pili haijapata waziri.

Umeme wa nchi hiyo uko chini ya Shirika la Mwanga la Taifa. Shirika lina sifa moja ambayo hakuna anayeweza kulinyang'anya: mafundi wake hawajawahi kumsumbua mtu nyumbani kwake. Nguzo ikianguka, inalala hapo ilipoangukia mpaka watoto waliozoea kuiruka wanapata watoto wao. Mtu akipeleka malalamiko, anapokelewa kwa tabasamu, anapewa kiti, na kiti hicho anakizoea.

Katika mtaa wa Kichangani, pembeni mwa mji mkuu, alikaa mjane mmoja aitwaye Bi Andasia Lupogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito, asiyependa kupotezewa muda, na kwa tabia hiyo alikuwa kama mgeni katika nchi yake mwenyewe. Mumewe alipofariki, aliuza cherehani zake zote akanunua mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku kubwa la mbao lenye taa na feni ndani yake. Akawa anakusanya mayai, anayageuza asubuhi na jioni, anayamulika kwa tochi moja moja kuona kama yana uhai. Nusu ya kuku wa Kichangani walitoka kwenye sanduku lile. Wanawake wengi wa mtaa walisomesha watoto kwa kuku hao, na Bi Andasia alilijua hilo, ingawa hakulisema.

Ukuta wake mmoja aliuchangia na Bi Tausi. Wawili hao hawakuwa wanasemeshana. Jogoo wa Bi Andasia aliwahi kuruka ukuta akala mchicha wa Bi Tausi, na hakurudi tena. Bi Tausi alisema hajui jogoo alikokwenda, lakini mchana ule harufu ya mchuzi ilivuka ukuta ikamweleza Bi Andasia yote. Tangu hapo walisalimiana kwa migongo.

Sasa, asubuhi moja mayai yalianza kudonolewa kutoka ndani. Ukiweka sikio kwenye sanduku ungesikia milio midogo, kama watu wanaobishana mbali sana. Bi Andasia alikuwa amepiga magoti hapo, akitabasamu peke yake, simu ilipolia.

Aliyepiga alikuwa na sauti ya asali. Alimwita mama yangu, akamwuliza alivyoamka, akamwuliza habari za miguu. Bi Andasia alishangaa. Tangu Jamhuri ya Ngojea ipate uhuru, hakuna mtumishi wa umma aliyewahi kumwuliza mtu habari za miguu yake. Akajikuta anamweleza kwa kirefu, goti la kushoto na kifundo cha kulia, na yule bwana akaguna kwa huruma kila palipostahili. Kisha akajitambulisha kuwa ni Injinia Melkiori wa Shirika la Mwanga. Alisema mita ya mama ni ya kizazi cha zamani, kwamba mitambo ya makao makuu imeshaikataa, na kwamba saa sita kamili itajizima yenyewe, isiwake tena.

 Bi Andasia akamwambia haiwezekani, si leo, maana ana mayai yanatotoa sasa hivi na vifaranga wakipata baridi watakufa kwenye maganda.

Upande wa pili pakawa kimya kidogo. Baadaye ndipo Bi Andasia alipokuja kuufikiria ukimya ule mara nyingi sana.

"Pole, mama yangu," sauti ikasema. "Vifaranga hawana kosa. Acha nikuwahi mimi mwenyewe."

Akamwambia kuna tarakimu zimetumwa kwenye simu yake, amsomee ili mita iendelee kushikiliwa wakati yeye yuko njiani. Bi Andasia akavaa miwani, akazisoma polepole, na kwa kuogopa kukosea akazirudia.

Fundi alifika kabla chai yake haijapoa. Hapa ndipo alipopaswa kushtuka. Mngojea yeyote aliyelelewa vizuri anajua kwamba fundi anayefika siku aliyoitwa ni jambo la kuitia polisi. Lakini hofu ilikuwa imeshamtangulia mlangoni. Aliposikia "hodi" akajibu "karibu", kama alivyofundishwa na mama yake, na geti likawa wazi.

Melkiori alikuwa mtu wa makamo, msafi, kofia ngumu ya njano kichwani, mkanda wenye koleo na bisibisi kiunoni, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Kitambulisho kilikuwa na picha, mhuri na bendera ya taifa. Akavua viatu kibarazani bila kuambiwa. Akapanda kwenye stuli, akaifungua mita kwa ustadi mkubwa, akaiweka kwenye begi na kusema anaipeleka maabara ili irudi na kizazi kipya, ni suala la nusu saa. Akapita kwenye sanduku, akainama, akasikiliza milio.

"Mungu awakuze," akasema, akaondoka.

Nusu saa ikapita, ikapita nyingine. Bi Andasia alipiga ile namba, haikupatikana. Alipotaka kununua mkaa kwa simu ndipo alipogundua kwamba akiba yake yote iliyokuwemo humo imekwenda, haikubaki hata ya kumwomba mtu ampigie. Akakopa mkaa. Akaweka jiko karibu na sanduku, akachemsha maji, akayatia kwenye chupa, akazifunga chupa kwa kanga na kuzipanga kati ya mayai. Milio ikaendelea, ila ikawa myembamba. Alikuwa akibadilisha chupa hii, ile inapoa. Akainua yai moja lenye tundu dogo, akaona mdomo unasukuma, unapumzika, unasukuma, unapumzika. Jua lilipoanza kushuka sanduku lilikuwa kimya. Wachache waliowahi kutoka aliwaweka kifuani, ndani ya nguo, wakiwa wamelowa, akakaa nao hivyo bila kusogea.

Hakulia. Alikuwa na hasira kubwa mno, na zaidi ya yote alijikasirikia mwenyewe kwa ajili ya yale maneno aliyoyasema simuni kuhusu mayai.

*

Kesho yake alikwenda Shirika. Alipelekwa kwa Bwana Eliamani Shoka, Meneja wa Idara ya Uhusiano Mwema na Wateja Wasumbufu, mtu mnene mwenye suti ya kijivu na simu tatu mezani. Mojawapo ilikuwa inalia. Bwana Shoka aliitazama kwa upole mpaka ikanyamaza, kisha akamweleza Bi Andasia kwamba hiyo ndiyo namba ya dharura, na kwamba ukianza kuipokea watu watazoea.

Bi Andasia alimsimulia kila kitu. Bwana Shoka alisikiliza macho yamefumbwa, kama mtu aliye kanisani. Alipomaliza, meneja akasimama, ingawa walikuwa wawili tu chumbani, akafunga kifungo cha koti.

"Mama," akasema, "Shirika limeguswa. Naomba tutofautishe mambo mawili. Mwizi si wetu, na mwizi huyo Shirika linamlaani kwa nguvu zote. Lakini mita ni yetu. Mali ya umma ilikuwa mikononi mwako, na sasa haimo. Kwa mtazamo wa Shirika, waliopoteza hapa ni sisi, na anayeonekana kwenye tukio ni wewe."

Bi Andasia aliomba apewe mita nyingine. Meneja akasema utaratibu uko wazi kabisa: mteja hurudisha mita ya zamani ndipo apewe mpya. Airudishe. Bi Andasia akamwambia iko kwa mwizi. Meneja akasema basi amwombe.

Kupitia dirishani nyuma ya meneja ilionekana ghala ya Shirika, mlango wazi, ndani masanduku ya mita mpya yamepangwa mpaka darini. Bi Andasia akauliza zile ni za nini. Bwana Shoka aligeuka akazitazama kwa fahari, akasema hizo zinangoja kuzinduliwa na Mheshimiwa Waziri, na kwamba kufunga mita ambayo haijazinduliwa ni sawa na kula pilau kabla ya nikahi.

Alipotoka, alipewa karatasi yenye picha ya Waziri akinyoosha kidole. Ilikuwa imetangazwa Wiki ya Kitaifa ya Kujihadhari na Mafundi Bandia. Jioni redio ya dukani ilimtoa Waziri mwenyewe, akinguruma. Alisema matapeli wanaojifanya wafanyakazi wa Shirika ni maadui wa maendeleo, kwamba mwananchi anayetapeliwa amelitia taifa aibu, na kwamba kuanzia sasa ni marufuku kumfungulia geti mtu yeyote anayejiita wa Shirika, hata awe nani, mpaka mwananchi apige simu ofisini na ofisi imthibitishe. Agizo lenyewe lilikuwa zuri. Wasikilizaji pale dukani waliitikia kwa vichwa, na hakuna aliyesema kwamba ametapeliwa, maana Waziri alikuwa amekwisha kusema kwamba ni aibu.

Bi Andasia naye alinyamaza. Wateja walipokuja kutaka vifaranga aliwaambia mayai ya safari hii hayakuwa na mbegu. Alirudia kuatamisha chini ya mitetea, wachache wachache, kama bibi yake. Sanduku alilifunika shuka. Na akaanza kujifunza upya kuitika hodi. Lilikuwa jambo gumu kuliko alivyodhani, kwani neno "karibu" lilimtoka lenyewe, kama chafya. Alijizoeza mpaka akaweza kusema "subiri hapo", akaenda kuchungulia, akauliza jina na shida kwa juu ya geti, na kama mtu alisema ametumwa, akamwambia amlete aliyemtuma.

*

Wiki ile ya Waziri ilikuwa inakaribia kilele. Asubuhi ya siku yenyewe Bi Andasia alikuwa uani anawamwagia kuku pumba aliposikia Bi Tausi akizungumza na simu ng'ambo ya ukuta. Hakuwa akimsikiliza, alikuwa ameshazoea kumsikia bila kumsikiliza. Lakini sauti ya Bi Tausi ilikuwa imelainika kwa namna aliyoijua. Alikuwa akieleza habari za mgongo wake. Kisha akasema, "Ndiyo, baba. Ndiyo, niko peke yangu. Nasubiri hizo tarakimu."

Bi Andasia aliliweka chini sinia la pumba.

"Tausi, kata hiyo simu."

Yalikuwa maneno ya kwanza kuvuka ukuta ule tangu habari za jogoo. Bi Tausi akauliza tangu lini mtu anasikilizwa simu zake nyumbani kwake.  Bi Andasia akazunguka kwa mbele, akasukuma geti la jirani bila hodi, akamkuta amesimama, simu ameifunika kwa kiganja isisikie, uso umekunjwa tayari kwa ugomvi. Angeweza kumpokonya simu. Badala yake alisema lile jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote, na akalisema mbele ya mtu wa mwisho ambaye angependa alijue.

"Huyo alinichukulia mita yangu na fedha zangu. Vifaranga wangu walikufa ndani ya mayai. Mayai yalikuwa na mbegu. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba ninao, kwa mdomo wangu mwenyewe."

 Bi Tausi akakata simu, akakaa kizingitini, na siri yake nayo ikatoka. Mwezi uliopita sauti hiyohiyo ilimjia ikiwa ni ya watu wa maji. Alikuja bwana mwenye kofia ngumu akakagua bomba, akaondoka na pampu yake kwenda kuipima, na mtungi wa gesi akauchukua kwa madai kwamba unavujia kwenye maji. Tangu hapo Bi Tausi anapikia kuni na kuwaambia watu kwamba chakula cha kuni ni kitamu zaidi. Leo alipigiwa na Kitengo cha Fidia. Walimwambia serikali imesikia kilio chake na inataka kumrudishia vyote, kinachotakiwa ni kuthibitisha tu.

"Anajua nimeibiwa," Bi Tausi alisema polepole. "Nikadhani ni serikali, maana mimi sijamwambia mtu."

 Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi, na la jogoo halikutajwa. Lakini Bi Tausi alikuwa mwepesi wa hila kuliko Bi Andasia, na akaipiga ile namba. Akasema samahani, mwanangu, simu ilikatika, macho yangu siku hizi hayatambui hata sura ya mtu, sembuse hizo tarakimu, njoo unisomee mwenyewe. Akaongeza kwamba jirani yake, yule mama wa vifaranga, naye bado anamngoja fundi wake arudi na mita, na kwamba amepokea hela za kuku jana. Sauti ikasema inakuja.

Walikuwa na muda mfupi, maana walimjua kwa uwepesi. Bi Tausi alipita nyumba hadi nyumba. Alidhani itamlazimu kueleza sana. Katika kila nyumba alipotamka kofia ya njano, mwenye nyumba alikwenda jikoni akarudi na mchi. Mtaa mzima ulikuwa umeibiwa na kila nyumba ilikuwa imeficha yake.

Melkiori alifika kwa Bi Tausi amebeba begi. Akapiga hodi, akavua viatu, akauliza habari za mgongo. Bi Tausi alimwambia tumalizane kwanza na jirani, akampeleka uani kwa Bi Andasia: yuko ndani ya banda la kuku anaokota mayai, hasikii vizuri, ingia tu umwite. Melkiori akainama kwa ajili ya kofia yake, akaingia bandani. Bi Andasia, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pipa, akasukuma komeo.

Kuku walipiga kelele, kisha wakamzoea.

Kwa kitambo Melkiori aliendelea kuwa injinia. Alisema yeye ni mtumishi aliye kazini, na kwamba kuna sheria. Alipoona wavuni nyuso za wanawake zinaongezeka, na michi, akakaa juu ya ndoo na kuivua kofia. Bi Andasia akasogea karibu na wavu.

"Nataka jibu moja tu," alisema. "Uliinama kwenye sanduku langu ukawasikia. Kwa nini hukuniachia mita ile siku moja tu?"

Melkiori alifikiri. Pengine lilikuwa swali la kwanza maishani mwake ambalo hakulitungia jibu kabla ya kuulizwa.

"Mama, watu mia wananikatia simu," alisema. "Asiyekata ni yule mwenye kitu anachokiogopea. Uliponitajia vifaranga nikajua wewe ni wangu. Kama ningewahurumia, leo ningekula nini?"

Alisema bila ubaya, kama mtu anayemweleza mteja. Bi Andasia alitamani awe amesema uongo. Akageuka, akaenda akamwaga maji aliyokuwa amemtekea anywe.

*

Habari zilifika uwanjani, ambako Waziri alikuwa anasubiriwa na bendi ilikuwa inapiga. Bwana Shoka alikuwa na shida yake siku hiyo: Wiki nzima ya Kujihadhari imekwisha na hana hata tapeli mmoja wa kuonyesha. Aliposikia kwamba Kichangani wamemkamata mmoja, mzima, na kofia yake, aliacha chai akaingia garini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Shirika kufika mahali siku hiyohiyo.

"Hodi," aliita getini, anapangusa jasho.

"Subiri hapo," alijibu Bi Andasia.

Akachungulia juu ya geti, akamwuliza jina na shida. Bwana Shoka alicheka, akajitambulisha kwa cheo chake chote, akasema afunguliwe haraka. Bi Andasia akaomba kitambulisho. Hakuwa nacho, alikiacha ofisini, kwa kuwa yeye hujulikana. Wanawake wakatazamana, na mmoja akasema kwamba yule wa bandani anacho, tena kizuri. Bi Andasia akachukua simu ya Bi Tausi akapiga namba ya dharura kama Waziri alivyoagiza. Wote wakasikiliza ikilia mpaka ikakatika.

"Haipokelewi," alisema.

"Haitapokelewa, mama. Mpokeaji ni mimi, na mimi niko hapa."

"Inawezekana. Lakini Mheshimiwa Waziri amekataza tusimfungulie mtu hata awe nani mpaka ofisi imthibitishe. Rudi ofisini upokee, utuambie kama unajijua."

Jua lilikuwa kali. Bwana Shoka alijaribu kuamuru, akajaribu kuhutubia, mwishowe akajaribu kusihi. Waziri alikuwa njiani na jukwaa lilikuwa tupu. Ndipo Bi Andasia akamweleza masharti. Mtu wao watampata. Kwanza irudi mita ukutani.

Bwana Shoka alifurahi kuona jambo ni jepesi hivyo. Akaambiwa kwamba kwenye begi la Melkiori imo mita, akasema basi si hiyo hapo, ifungwe hiyo. Bi Andasia akaitoa begini. Ilikuwa bado ina vumbi la ukuta wa mtu. Aliishika, na wanawake waliokuwa karibu walimwona amesita, kwa sababu saa chache tu na sanduku lake lingewaka tena.

"Hii umeitoa kwa nani?" alimwuliza Melkiori.

Akamtajia nyumba, mtaa wa pili, asubuhi ile ile, kwa mzee mmoja mwenye genge la maji ya baridi. Bi Andasia akampa Bi Tausi mita ile aipeleke. Akarudi getini, akasema anataka ya ghalani.

Meneja alipauka. Alieleza tena habari za uzinduzi, pilau na nikahi. Bi Andasia akakunja mikono. Kwa mbali honi za msafara wa Waziri zikaanza kusikika, na hizo ndizo zilizomaliza mazungumzo. Dereva alitumwa ghalani akarudi na sanduku. Bwana Shoka akaomba angalau aizindue kwa niaba ya Waziri, hapohapo nje ya geti. Akaifunga utepe wa zawadi uliopatikana kwenye nyumba ya jirani, akaipitisha juu ya geti, akaanza kueleza historia ya mwanga nchini.

Melkiori alitolewa bandani ana manyoya mabegani. Alipanda stuli ileile. Hotuba ilikuwa bado haijafika kwenye uhuru, mita ilikuwa imefungwa, waya zimebanwa, taa ya kibaraza imewaka. Bwana Shoka alikatiza maneno yake. Alitazama taa, akatazama mikono ya Melkiori, akatazama taa tena. Tangu aajiriwe hakuwa ameona kazi ile ikifanywa. Waliokuwa wanaijua walistaafu wakingoja ngazi.

"Umesomea wapi?" alimwuliza kwa juu ya geti, kwa sauti ya chini.

Wanawake walimsikia, lakini hawakulitilia maanani. Walifungua geti, wakamtoa mtu wao, gari likaondoka. Bi Andasia akaingia ndani, akaondoa shuka kwenye sanduku, akawasha. Feni ikazunguka. Aliweka kiganja pale kwenye joto, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Wengine walifungulia redio. Waziri alikuwa akizungumza kwa furaha kubwa. Alisema Serikali ya Ngojea haina desturi ya kupoteza vipaji. Alisema yupo hapa kijana wetu aliyekuwa akitoa huduma za Shirika nje ya mfumo, kwa ari, kwa wakati, nyumba kwa nyumba. Swali ni moja, alisema Waziri: je, tumfunge, au tumrasimishe? Uwanja ukapiga makofi. Kwa tamko hilo, mafundi bandia wote nchini walipewa mwezi mmoja kujisajili na kuajiriwa, na Jamhuri ya Ngojea ikawa nchi ya kwanza kumaliza kabisa tatizo la watu wanaojifanya wafanyakazi wa umma.

Bi Tausi alikuwa amerudi kutoka mtaa wa pili. Aliizima redio, akakaa nayo mapajani.

*

Miezi imepita. Mayai yanatotolewa Kichangani, na kila nyumba sasa ina desturi: mtu akibisha kwa Bi Andasia, Bi Tausi anatoka akasimama kwenye geti lake, akibisha kwa Bi Tausi, Bi Andasia anatoka. Hawajawa marafiki. Simu za ajabu wanazikata katikati ya "mama yangu", kisha wanapita kuambizana nani kapigiwa na kaambiwa nini, kwa sauti, bila kuona haya.

Majuzi transfoma ya mtaa iliungua. Walipiga namba ya dharura ikalia na kulia. Walipeleka ujumbe, wakapewa viti. Bi Andasia alirudi kwenye jiko la mkaa na chupa za maji moto. Safari hii walikuja wanawake wote kupokezana, na wengi wa vifaranga walipona.

Fundi alikuja siku aliyotaka mwenyewe, vifaranga wakiwa wameshaota manyoya. Alikuwa Melkiori, amenenepa, sare mpya, kofia mpya. Hakuuliza habari za miguu. Hakupiga hodi. Aligonga geti kwa koleo, akasema amekuja kukagua waya za ndani.

Bi Andasia alichungulia. Ng'ambo Bi Tausi alikuwa ameshatoka, mchi mkononi. Bi Andasia akaomba kitambulisho, akakigeuza mbele na nyuma, akampitishia jirani naye akakikagua. Akapiga simu ofisini. Haikupokelewa. Akamrudishia kitambulisho chake juu ya geti, na komeo hakuligusa.

Melkiori alikasirika. Alisema hayo ni madharau, mambo ya zamani yamekwisha, mhuri ule umetoka wizarani.

"Mama, mimi sasa ni halisi."

"Najua, mwanangu," alisema Bi Andasia. "Ndiyo maana sifungui."